Kuku anahesabu masaa: kuweka taa katika banda la mayai hapa Lubumbashi

Kila mwezi wa 5 unapoisha, simu yangu huanza kulia. "Yaya, kuku wamepunguza mayai. Nimebadilisha chakula, nimenunua vitamini, wapi!" Namuuliza mtu swali moja: taa unawasha saa ngapi? Kimya kidogo, halafu jibu linakuja: umeme ukiwepo inawaka, usipokuwepo basi. Hapo sihitaji kusikia zaidi.

Nafuga upande wa Annexe, komuni ya pembezoni mwa mji, kuku 300 hivi. Haya ninayoandika ni kwa mwenye kuku 50 hadi 500 katika banda la kawaida, ukuta nusu na wavu juu. Mwenye nyumba kubwa isiyo na madirisha ana wataalamu wake.

Neno kuhusu saa kabla hatujaendelea, maana hapa kwetu kila mtu ana hesabu yake. Nikisema "saa 10 alfajiri" ni ile ambayo simu inaandika 04:00. Nikisema "masaa 15", nahesabu urefu wa muda.

Kuku anavyoijua siku

Kuku hategemei macho peke yake. Mwanga hupenya ngozi na mfupa wa kichwa hadi ndani ya ubongo, ambako kuna chembe zinazouhisi moja kwa moja. Ndiyo maana hata kuku kipofu hutaga kwa kufuata urefu wa siku. Chembe hizo zikiona siku ni ndefu, ubongo huamuru tezi ndogo iliyo chini yake imwage homoni, na homoni ndizo zinazoamsha ovari. Siku ikiwa chini ya masaa 12, amri hiyo hulegea. Ikiwa masaa 14 hadi 16, imefika kilele. Ukipita 16 unalipia umeme bure, yai haliongezeki, na kuku hapumziki.

Kutoka hapo kuna sheria mbili ambazo mengine yote yanazifuata. Kuku anayekua asione siku ikirefuka. Kuku anayetaga asione siku ikifupika.

Wenzetu wa Bukavu na Goma wako karibu sana na ikweta, siku yao haibadiliki ila kwa dakika chache mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 11 na zaidi kusini. Kuelekea Noeli jua letu linachomoza karibu saa 12 kasorobo asubuhi na kuzama saa 12 na nusu jioni, yaani masaa 12 na dakika 49 hivi. Mwezi wa 6 ukikaribia kwisha, linachomoza saa 12 na nusu na kuzama kabla kidogo ya saa 12 jioni: masaa 11 na dakika 26. Kuanzia mwezi wa 1 siku inamchota kuku kidogo kidogo, zaidi ya saa nzima, mpaka baridi inapoingia. Mfugaji anasema ni baridi. Baridi ina sehemu yake, kweli, kwa sababu kuku anakula ili apate joto. Lakini kuku mwenye taa ya uhakika hupita mwezi wa 6 na wa 7 akitaga.

Hatua ya 1: nunua daftari kabla ya ampuli (balbu)

Kwa wiki mbili andika kila siku: mayai mangapi, kuku wangapi hai, mwanga wa kwanza bandani saa ngapi, wa mwisho saa ngapi. Ule wa mwisho ndio watu wanausahau. Taa ya mlinzi inayopenya kwenye wavu ni mwanga. Taa ya duka la jirani nayo ni mwanga.

Bila daftari hutajua kama taa imesaidia au ni chakula ulichobadilisha wiki ileile. Na kama mayai yameanguka ghafla, leo plato 8 (plato ni trei ya mayai 30), kesho kutwa plato 4, acha kusoma hapa. Angalia maji kwanza, kisha chakula, kisha ugonjwa, na Newcastle (kideri) iwe ya kwanza kwenye orodha. Siku ikifupika mayai hushuka polepole, kwa wiki kadhaa. Hayadondoki kwa usiku mmoja.

Hatua ya 2: taa yenyewe

Kuku wa mayai hahitaji mwanga mwingi. Luksi (kipimo cha mwanga) 10 hadi 20 pale kichwa kinapofika wakati wa kula zinatosha. Kipimo cha maskini ni hiki: usiku, washa taa, chuchumaa karibu na chombo cha chakula, fungua gazeti. Ukisoma bila kukunja uso, mwanga unatosha. Ukiona kama uko dukani, umezidisha.

Ampuli ya LED ya wati 7 inahudumia mita za mraba 15 hadi 20. Banda langu ni mita 6 kwa 8, nina ampuli tatu. Zining'inize kama mita 2 kutoka chini, juu ya njia ya chakula na maji, kamwe si juu ya viota. Kiota kinatakiwa kuwa sehemu yenye giza kuliko zote bandani. Kuku akitaka kutaga hutafuta kivuli. Ukiacha kona nyingine ina giza kuliko kiota, utaokota mayai kwenye kona hiyo, yamechafuka, na baada ya muda kuku atajifunza kuyala. Watu huhangaika na "kuku wabishi wanaotaga chini" wakati kosa liko kwenye ampuli iliyowekwa vibaya.

Rangi: chukua ile ya manjano yenye joto. Nyeupe-bluu kama ya hospitali iache. Mwanga wenye wekundu ndani yake hupenya fuvu vizuri zaidi, na hauwachangamshi kuku kupita kiasi.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalijui: macho ya kuku ni mepesi kuliko yetu. Ampuli ya bei ya chini inayotetemeka, sisi tunaiona imetulia, kuku anaweza kuiona ikipepesa. Washa kamera ya simu, ielekeze kwenye ampuli. Ukiona mistari myeusi inapita kwenye kioo, mrudishie mwenye duka.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua projekteri mbili, zile taa kali za kumulika parseli (kiwanja), kwa sababu ziliuzwa bei ya kutupa. Banda likang'aa, nikajisifu. Ndani ya siku kumi kuku walianza kudonoana mikia, damu ikaonekana, na damu ikishaonekana kwa mwanga mkali kila mmoja anataka kuonja. Nilizika tisa. Jirani akanishauri nikate midomo ya wote. Niliondoa projekteri, nikaweka ampuli ndogo nyekundu kwa majuma mawili ili damu isionekane, na vita vikaisha bila kukata mdomo hata mmoja. Mdomo wa kuku una neva. Kuukata kunauma, na ukikuta banda lote limekatwa midomo, mara nyingi kuna kosa la mtu linalofichwa.

Jua pia linaweza kufanya kazi ya projekteri. Mshale wa jua unaopita kwenye tundu la bati huwavuta kuku wajazane palepale, wengine wakitaka kuoga vumbi, wengine wakidonoa kila kinachong'aa. Ziba matundu, weka paa lenye mteremko mrefu, au pachika gunia jepesi upande wa magharibi.

Futa vumbi kwenye ampuli kila wiki. Vumbi la maranda na manyoya hula mwanga bila wewe kujua, na kuku anahesabu mwanga unaofika kwake.

Mshumaa na taa ya mafuta visiingie bandani. Maranda makavu, kuku anayeruka, moto. Sina la kuongeza.

Hatua ya 3: vifaranga hadi wiki ya 17

Siku za kwanza kifaranga anahitaji kuona maji na chakula, hivyo mpe mwanga wa kutosha, luksi 30 hadi 50, muda mrefu. Lakini si masaa 24. Mwanga usiokatika kwa majuma huharibu macho ya vifaranga, na kifaranga ambaye hajawahi kuona giza, siku ya kwanza umeme ukikatika atapaniki, watarundikana kwenye kona, asubuhi utahesabu waliokufa kwa kukosa hewa. Wengine hufanya masaa 4 ya mwanga, masaa 2 ya giza, kwa kupokezana mchana na usiku, juma la kwanza. Huo ni mpango mzuri: vifaranga wanalala wote pamoja, na walio dhaifu wanaamshwa na wenzao kwenda kula.

Ukipasha joto kwa mbabula ya makala (jiko la mkaa), kumbuka mbabula inatoa joto tu, mwanga inakubidi kuutafuta mahali pengine. Na inatoa hewa yenye sumu, isiyo na harufu. Acha hewa ipite juu ya ukuta hata kama usiku ni wa baridi.

Kuanzia juma la 2 punguza masaa polepole, hadi juma la 6 au la 7 ufike kwenye siku isiyobadilika. Hapo ndipo majira ya Lubumbashi yanapokuwa na maana.

Vifaranga walioanguliwa mwezi wa 1 au wa 2 wanakua siku ikifupika yenyewe. Hawahitaji taa wakati wa kukua. Mwili unajijenga kwanza, ovari inangoja. Watafika wiki ya 18 karibu na mwezi wa 6, na hapo taa yako ndiyo itakayowaamsha.

Walioanguliwa mwezi wa 7 au wa 8 ni hadithi nyingine. Wanakua siku ikirefuka, kwa hiyo ubongo unawaambia wakati umefika kabla mifupa haijafika. Utaona yai la kwanza mapema, utafurahi, halafu mayai yatakuwa madogo kama ya njiwa kwa muda mrefu. Baya zaidi, kuku mdogo anayesukuma yai njia yake ya yai hutokeza nje, na wenzake wakiona nyama nyekundu pale wanaidonoa hadi kumuua. Kwa kundi hilo weka siku moja isiyobadilika iliyo ndefu kuliko siku yetu ndefu kuliko zote: washa saa 11 na nusu alfajiri (05:30), zima saa 1 kasorobo usiku (18:45). Ni masaa 13 na robo. Jua likirefuka nje, wao hawataona tofauti.

Mwanga wa kipindi hiki uwe hafifu, karibu luksi 10. Vifaranga wengi wetu huingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Ukipokea kuku ambao tayari wana wiki kadhaa, muulize muuzaji walikuwa wakipata masaa mangapi ya mwanga. Anzia hapohapo alipoachia yeye. Ukiwapa mwingi kuliko aliowapa, umeshawaamsha bila kutaka.

Hatua ya 4: kuwaamsha

Usiangalie kalenda peke yake. Shika kuku 25 kutoka pembe zote za banda, pima mmojammoja. Kwa kuku wa kahawia kama ISA Brown au Lohmann Brown, wastani ukiwa karibu na kilo 1.4 na wengi hawatofautiani sana, wako tayari. Kwa kawaida ni wiki ya 17 au 18. Wakiwa wepesi, ngoja wiki moja au mbili huku ukiwalisha. Hakuna mtu aliyepata hasara kwa kungoja wiki mbili. Waliopata hasara kwa haraka nawajua wengi.

Siku ya kuanza, ongeza saa moja kwa mara moja: badala ya 05:30 washa saa 10 na nusu alfajiri (04:30). Juma linalofuata washa saa 10 kamili (04:00). Juma la tatu sogeza kuzima hadi saa 1 usiku (19:00). Umefika masaa 15. Simama hapo. Wale wa mwezi wa 1 waliokua bila taa, wafikishe masaa 13 kwa mkupuo, kisha nusu saa kila juma hadi 15.

Mwanga huu utabaki hivyo mpaka kundi liondoke. Mwezi wa 12 jua likiwa refu, usipunguze taa "kuokoa umeme". Ampuli zinawaka kuanzia saa 10 alfajiri hadi kuche, halafu tena kuanzia saa 11 na nusu jioni hadi saa 1 usiku. Kwa kuku, mwaka mzima ni siku moja.

Hatua ya 5: asubuhi ni rahisi, jioni ni ya adabu

Kwa nini sehemu kubwa ya nyongeza naiweka alfajiri? Kwanza, mwezi wa 9 na wa 10 joto letu linamnyima kuku hamu ya kula mchana. Saa 10 alfajiri kuna ubaridi na anakula vizuri. Pili, kuku hutaga zaidi katika masaa ya mwanzo ya siku yake. Ukiwasha saa 10, kabla ya saa 4 asubuhi mayai mengi yameshaokotwa na mama wa Soko Kenya la hapa mjini anaweza kubeba plato zake mapema. Tatu, asubuhi taa inazimwa kukiwa kumekucha, hakuna anayeshtuka.

Jioni ni tofauti. Kuku haoni gizani. Ukizima ampuli zote kwa mara moja wakati nusu yao bado wako chini, watabaki chini usiku kucha kwenye unyevu, au wataruka bila kuona na kuvunjika. Wengine hujazana ukutani na kukanyagana. Kwa hiyo zima kwa zamu: saa 12 na dakika 40 ile ya mbali na miti ya kulalia, dakika kumi baadaye ya katikati, mwisho ile iliyo juu ya miti yao. Wataifuata wenyewe kama watoto wanavyofuata taa ya mama. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 kuhusu kuku wa mayai inataka kitu hichohicho: karibu theluthi moja ya siku iwe giza lisilokatizwa, na kabla ya giza kuwe na machweo ya kutosha ili kuku wajipange bila kuumia.

Giza lenyewe si muda uliopotea. Ganda la yai hujengwa kwa masaa karibu 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku. Kuku hutoa chokaa kwenye chakula kilichobaki tumboni, na kikiisha anachota kwenye mifupa yake. Kwa hiyo saa 11 jioni mwage chokaa ya mawe ya chembe kubwa, au makombe, kwenye chombo chake. Ninasema ile ya kulisha mifugo, si chokaa ya kupakia ukuta, ambayo itawaunguza.

Hatua ya 6: umeme ukikatika

Kila mtu wa mji huu anajua delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Mwaka mmoja transfoma ya avenyu yetu iliungua mwezi wa 6, na tukakaa giza wiki tatu. Nilikuwa naokota plato 8 kwa siku. Wiki ya tatu ilikuwa 5, na bandani manyoya yamejaa kama mto uliopasuka: kuku walikuwa wameanza kuyabadili. Kuku akishaanza kubadili manyoya, hata ukimwashia taa ya uwanja wa mpira, hatarudi kutaga kabla ya wiki 6 au 8.

Hapo nilijifunza kwamba saa moja ya kuwasha isiyobadilika inashinda ampuli kubwa. Ubongo wa kuku unatafuta giza refu kuliko yote katika masaa 24 na kuliita usiku. Vipande vidogo vya giza katikati ya mwanga, haviiti usiku. Watafiti waliwahi kuwapa kuku masaa 2 ya mwanga, 4 ya giza, 8 ya mwanga, 10 ya giza, na kuku wakataga kana kwamba siku ina masaa 14. Maana yake kwako: ukiwasha saa 10 alfajiri na umeme ukaondoka saa 11, usihangaike. Siku imeshaanza saa 10 katika kitabu cha kuku. Ukikosa kuwasha saa 10, hapo ndipo umemwibia.

Sasa geuza upande wa pili. Umeme unakatika saa 12 jioni, swichi umeiacha imewashwa, umeme unarudi saa 6 usiku. Banda zima linawaka, jogoo wa jirani anajibu, kuku wako wanashuka kula. Usiku wao umekatwa vipande viwili, na kesho hawajui wahesabu kutoka wapi. Hilo linaharibu zaidi kuliko kukosa taa kabisa. Umeme ukiondoka jioni, shusha swichi. Usiuamini.

Taima nayo ina ujanja wake. Ile ya kuzungusha, isiyo na betri ndani, husimama umeme ukikatika na kuendelea ukirudi. Delestaji ya masaa 5 inaifanya ichelewe masaa 5, na wewe umelala ukidhani saa 10 taa imewaka. Nunua yenye betri yake, na kila Jumapili ilinganishe na simu.

Njia ninayoitumia sasa ni kuiacha taa ya kuku nje ya umeme wa mji kabisa. Hesabu si kubwa. Ampuli tatu za volti 12, wati 7 kila moja, ni wati 21. Kwa masaa 4 ya kuwaka ni wati-saa 84. Betri ya volti 12, ampea-saa 20, ina 240, na hutakiwi kuinyonya chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 120. Paneli ya wati 50 inaijaza tena hata siku za mawingu ya mwezi wa 1, ila kama mvua inapiga siku tatu mfululizo zima ampuli moja, usipunguze masaa. Betri na paneli zifungie kwenye chuma. Huu ni mji wa shaba, na waya wa shaba hapa una miguu.

Huna pesa ya sola mwezi huu? Chagua masaa unayoweza kuyatimiza. Masaa 13 ya kila siku kwa taa ya kuchaji, kuku atakulipa. Masaa 16 leo na 12 kesho ni afadhali usingeanza.

Hatua ya 7: wasome kuku wenyewe

Mara moja kwa wiki ingia bandani nusu saa baada ya kuzima, na tochi nyekundu hafifu ukiwa nayo. Kaa kimya. Kuku waliotulia hutoa sauti ndogo za kukoroma, halafu kimya. Ukisikia kuruka na kupiga mabawa, kuzima kwako kumekuwa kwa ghafla au kuna mwanga unaopita. Hesabu walio chini: wakizidi kumi katika mia, ampuli ya mwisho haiko mahali pake, au miti ya kulalia haitoshi.

Alfajiri, angalia dakika za kwanza baada ya kuwasha. Wote wakishuka pamoja na kugombana kwenye chakula, ongeza vyombo au jaza usiku uliotangulia. Mchana, tafuta mgongo na shina la mkia. Manyoya yaliyokatika hapo ni onyo la kwanza la kudonoana, na hapo hupaswi kungoja damu: shusha mwanga siku hiyohiyo, kisha ning'iniza kabichi au majani ya matembele wapate kazi ya kufanya kwa mdomo. Kuku wakiwa wamelala lala mchana, wazito, hawaogi vumbi, pengine mwanga umepungua mno. Futa ampuli kabla ya kuita daktari.

Kuku wa kienyeji sijawagusa hapa. Wao wakishaamua kulalia mayai, taa haiwashawishi.

Hatua ya 8: chakula kiende na taa

Taa inaamuru tu, chakula ndicho kinachofanya kazi. Kuku anayetaga anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku na kunywa maji karibu maradufu ya hapo. Ukimwongezea masaa huku ukimpunguzia soya kwa sababu bei imepanda, ataendelea kutaga kwa muda kwa kula mwili wake, kisha utamkuta amelala ubavu, miguu haimbebi. Nimeona mfugaji akimlaumu aliyemuuzia kuku. Mahindi yenyewe yalikuwa yametoka sokoni yameoza nusu.

Kundi likizeeka

Kuku wa wiki 75 na kuendelea hata taa ikikaa sawa watapungua, ndiyo umri. Usiwaongezee masaa kupita 16 kujaribu kuwakamua. Piga hesabu ya plato na ya gunia la chakula; siku gunia linapozidi, andaa wateja wa kuku wa supu. Waache na taa yao ileile hadi asubuhi ya kuwauza, kwa sababu wale wanaotaga bado wanakulipa chakula cha wiki hiyo. Banda likibaki tupu, shusha ampuli zote, zioshe, angalia waya kama panya hawajatafuna, na usafishe betri kwa kufuta chumvi iliyoganda kwenye vichwa vyake. Vifaranga wa mwezi wa 1 wakifika na kupita majuma yao ya kwanza, taa zitangoja hadi mwezi wa 6.